VIDONGE VYA HUZUNI: NI TIBA AU NI KUNYAMAZISHANA?

Ndugu zetu wa darsa wameleta swali lisilofaa kupuuzwa. Wauliza: Je, hivi vidonge ambavyo matabibu huwapa watu wenye huzuni ya kudumu, maradhi ambayo siku hizi huitwa sonona, vina manufaa ya kweli, au ni mtindo wa zama hizi wa kumnyamazisha kila aliaye? Na baadhi yao wameongeza: Muislamu mwenye kusali na kusoma Kur'ani ana haja gani navyo?

Nitajibu kwa kadiri ya ilimu yangu, wala sitaficha kwamba katika jambo hili mimi mwenyewe nimepata kukosea, na kosa langu lilikaribia kumtoa mtu roho.

Mwaka 2024 nilikwenda Hewani, kando ya mto Tana, kwa ajili ya maziko, nikakaa huko siku saba. Wakanijia watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Wa kwanza alikuwa bibi mjane. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yalimchukulia nyumba, mahindi na migomba. Watoto wake walitawanyika kwa jamaa. Usiku halali, mchana haishi kulia. Alikwenda kutafuta dawa ya kichwa, akapewa vidonge vya kumtuliza, akarudi navyo. Wala hapana aliyemuuliza analala wapi. Akaniambia: "Sheikh, vidonge vyanilaza, lakini niamkapo nyumba bado haipo."

Wa pili alikuwa mwanamume wa umri wangu. Shamba lake lilisalimika, watoto wake wazima, wala hadaiwi na mtu. Hata hivyo kwa miezi minne alikuwa hali, halali, hasemi na mkewe, na ajiona kuwa ni mzigo juu ya ardhi. Watu wakasema ana pepo. Wakampunga kwa ngoma, asipone. Ndipo alipopelekwa kwa tabibu, akapewa vidonge, na baada ya wiki kadhaa akaanza kula na kuzungumza. Akaniuliza kama vidonge vile havipunguzi tawakali yake. Nami, kwa ujinga wangu, nikamwambia aviache na azidishe nyiradi. Akaniamini. Haukupita mwezi, akakutwa usiku peke yake ukingoni mwa mto, na hakwenda kuvua. Lau si mtu aliyepita na mtumbwi, tungalirudi Hewani kwa maziko mengine.

Tangu siku ile nilirudi vitabuni, na nikaona haya. Kwani jambo nililolikosea walikwisha kulipambanua wanavyuoni wetu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, katika kitabu chake juu ya maslahi ya miili na nafsi, aliigawa huzuni mafungu mawili. Moja ni ile yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali. Ya pili ni ile isiyo na sababu ijulikanayo, ambayo humjia mtu kutokana na hali ya mwili wake. Ya kwanza dawa yake kubwa ni maneno mema na fikira njema. Ya pili mwili nao hutakiwa kutibiwa. Mjane wangu alikuwa katika fungu la kwanza, naye alipewa vidonge. Yule bwana alikuwa katika fungu la pili, nami nikamnyang'anya vyake.

Kweli maisha hayagawanyiki daima kama kitabu. Msiba waweza kumtia mtu maradhi yakabaki hata msiba ukiisha. Lakini mgawanyo huu watufunza kutazama kabla ya kuhukumu.

Sasa tuwasikilize wanaosema kuwa vidonge hivi vimezidi. Dawa hizi si za kale. Tabibu wa Uswisi, Roland Kuhn, aliandika juu ya imipramini mwaka 1957. Na fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Leo, katika Uingereza, watu zaidi ya milioni 8 hupewa dawa za namna hii kwa mwaka. Na kwa muda mrefu watu waliambiwa kwamba huzuni yatokana na upungufu wa serotonini katika ubongo. Lakini mwaka 2022 wataalamu wa London waliopitia utafiti uliokuwepo walisema hawakuona ushahidi thabiti wa jambo hilo. Basi mwenye kuuliza kama upweke, deni na kazi mbaya vyaweza kutibiwa kwa kidonge, hakuuliza upuuzi.

Lakini kutojua namna dawa ifanyavyo kazi si hoja ya kwamba haifanyi kazi. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya majaribio 522 ya watu zaidi ya laki moja, juu ya dawa 21. Na kila moja ilionekana kushinda kidonge kitupu kisicho na dawa. Ushindi huo si mkubwa sana kwa jumla, na majaribio mengine yameonyesha kwamba aliyezidiwa mno hufaidika zaidi kuliko mwenye huzuni nyepesi.

Tena iko tiba isiyo kidonge, na dalili yake iko karibu nasi. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, wagonjwa wa vijiji vilivyochaguliwa walikusanywa kwa makundi, mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 16, wakizungumza juu ya misiba na ugomvi wao na namna ya kuvikabili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliobaki na maradhi walikuwa kama 6 katika kila 100, na katika vijiji ambavyo havikupata mikutano hiyo walikuwa kama 55.

Kwa hivyo, ndugu zangu, mtu akiuliza kama vidonge ni vingi mno, nami nitamuuliza: kwa nani? Ulaya huenda vimezidi. Lakini huku Tana, tangu mapigano ya mwaka 2012 na 2013 yaliyoua watu zaidi ya mia moja, na mafuriko yaliyofuata, wako wengi waliougua moyo wasimfikie tabibu hata siku moja. Hospitali kuu ya maradhi ya akili iko Mathari, Nairobi. Na mtu aliogopa hata kusema, kwani kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipohukumu Januari 2025 kwamba chapingana na Katiba. Tusiwe sisi wa kumrejeshea hofu hiyo kwa kumwambia kuwa imani yake ni dhaifu.

Na ni nani aliyesema kuwa huzuni ni upungufu wa imani? Nabii Yaakub alilia mpaka akapoteza macho. Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na Bibi Khadija na ami yake katika mwaka mmoja, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Naye alituamrisha tujitibu. Mwenye kumeza dawa ya malaria hatumwambii amepunguza tawakali. Kwa nini tumwambie huyu?

Basi yatupasa haya. Aliyepewa vidonge asiviache kwa neno la sheikh, wala la jirani, wala la gazeti hili. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na kuviacha ghafula huleta madhara. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa shauri la tabibu. Ikiingia Ramadhani, amuulize tabibu kama vyaweza kumezwa baada ya futari au wakati wa daku. Vijana wapewao waangaliwe sana wiki za mwanzo, kwani baadhi yao hujiwa na mawazo ya kujidhuru. Na tabibu naye, kabla ya kuandika dawa, aulize: umefiwa? umekula? una pa kulala?

Yule bwana alirudi kwa tabibu. Nilikwenda naye mwenyewe, nikamwomba radhi mbele ya mkewe, na leo analima. Yule bibi alikatiwa miti na makuti na majirani, akajengewa. Bado hulia siku nyingine, nasi twakaa naye. Vidonge havimezi tena, kwa idhini ya tabibu.

Kumtazama mwenye huzuni ni fardhi ya kifaya: wasipoifanya baadhi yetu, sote tuna dhambi. Nami nimeyaandika haya ili asiwepo imamu mwingine wa kusema nililolisema mimi.

Wabillahi tawfiq.