Kilio ni cha Nani?

Methali yatufundisha kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wanafunzi huikariri bila kuuliza: kilio hicho ni cha nani? Swali hili latupasa sisi walimu tusimuliapo habari za watawala wawili waliokabiliwa na adui mmoja, Mjerumani.

Wa kwanza ni Mkwawa wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, majeshi yake yalijificha vichakani, yakauvamia msafara wa Zelewski kabla mizinga haijapangwa. Zelewski mwenyewe aliuawa. Baadaye Mkwawa aliweka tumaini lake katika ukuta wa mawe wa Kalenga, na hapo mizinga ikapata shabaha isiyokimbia. Ngome ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana porini karibu miaka minne, hata tarehe 19 Julai 1898 akajiua asitiwe mikononi mwa adui.

Wa pili ni wa huku kwetu, Mwezi Gisabo. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe alimshambulia, akisaidiwa na Maconco na Kilima, wakuu waliomwasi mfalme. Tarehe 6 Juni, huko Kiganda, Mwezi aliukubali utawala wa Kijerumani, akakubali kutoa fidia ya ng'ombe 424 na kuwaacha waasi wajitawale. Kwa Mrundi, ambaye ng'ombe kwake ni heshima, hiyo ilikuwa fedheha kubwa. Hata hivyo, kiti chake hakikuvunjika. Miaka michache baadaye Wajerumani wenyewe walimtambua kuwa mfalme wa nchi nzima, naye akafa mwaka 1908 akiwa mfalme.

Je, Mwezi alikuwa mwoga? Wako watakaosema kwamba kama wote wangeinama, leo tusingekuwa na jina la kulitaja kwa fahari. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ukakamavu wa Mkwawa haukulipwa na Mkwawa peke yake. Walilipa pia wanawake na watoto wa Uhehe. Mwezi naye alilipa kwa kitu ambacho mfalme hukitoa kwa shida kuliko damu ya wengine, yaani heshima yake mwenyewe.

Basi, tukifundisha methali ile hapa Nyamugari au kwingineko, tusiwaulize wanafunzi tu nani alikuwa shujaa. Tuwaulize pia nani alilia, na kama aliulizwa kabla.