Maumivu ya Mke na Haki ya Unyumba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mke akiumwa mguu, nyumba nzima hujua. Akiumwa kwa ndani, hujua yeye na Mola wake. Mumewe humwona ajitenga kitandani mwezi baada ya mwezi, akadhani amemchoka ama ana mwengine, akamwita nashiza. Na huenda asili ya yote hayo ni kichocho.

Maji ya chumvi ya pwani ya Mbweni hayana konokono wa maradhi haya. Hao hukaa katika maji matamu ya mito na madimbwi. Lakini mke aliyeolewa Mbweni huenda alilelewa Chaani au Kinyasini, akawa akenda mtoni utotoni kufua na kuoga. Vijidudu vikapenya ngozi yake, wakakua minyoo, na mayai yao yakakwama katika kibofu na katika njia ya uzazi. Hapo huzaliwa vidonda, damu, na maumivu makali wakati wa jimai. Ishara hizi zafanana na za maradhi ya zinaa, na kwa mfanano huo wamesingiziwa wanawake safi. Mola, katika Sura ya Nur, aya ya 4, ametaka mashahidi wanne. Ugonjwa si mmoja wao.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi hukumu i wazi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaji kuwa ugonjwa ambao jimai humdhuru mke ni udhuru. Basi hawi nashiza kwa kujizuia, wala matumizi yake hayakatiki. Wako waume waliohifadhi mlango wa utii wakauruka mlango wa udhuru, nao wajiita watu wa sheria!

Wala udhuru hauondoi mapenzi. Imepokewa kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiegemea pajani mwake akisoma Kurani, naye yu katika hedhi. Siku ambazo jimai haiwezekani si siku za kupeana mgongo.

Na dawa ipo. Vidonge vya prazikwanteli huua minyoo, navyo viligawiwa kwa watu wa Unguja na Pemba mara nyingi tangu mwaka 2012. Lakini minyoo ikifa, vidonda vya zamani na maumivu yake huweza kubakia muda mrefu. Mume asidai haki yake kesho ya vidonge. Mke naye asizuiwe na haya kumweleza tabibu palipo na maumivu. Kufunua uchi kwa ajili ya tiba kumeruhusiwa kwa kadiri ya haja, na akipatikana tabibu mwanamke hutangulizwa yeye.

Mume mwenye maumivu ya kiuno au mgongo hukumu yake yakaribia hiyo: hakalifishwi asiloliweza, wala mkewe hana ruhusa kulipeleka jambo hilo kwa mashoga zake barazani.

Wallahu aalam.