Fedha Chache na Fadhila ya Ukweli: Falsafa ya Gari la Robo Maili

Katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anaizungumzia fadhila moja ambayo, kwa maoni yake, maskini hawezi kuwa nayo. Ni fadhila ya matumizi ya fahari, yaani uwezo wa kutoa mali nyingi kwa jambo kubwa, kwa kiasi kinacholingana na jambo lenyewe, kama vile kugharimia merikebu ya vita kwa ajili ya mji. Na asiye na kitu anayejaribu kuingia humo huhesabiwa na mwanafalsafa huyo kuwa mpumbavu, kwa kuwa anatumia kupita uwezo wake. Hukumu hiyo ni nzito, na inastahili kupimwa kwa mfano ambao Aristotle hakuweza kuuwaza: mtu wa mshahara mdogo anayejenga gari la mbio fupi za mstari mnyoofu katika gereji ya nyumbani kwake.

Mbio hizo, ambazo chimbuko lake ni Marekani, ni shindano la magari mawili yanayoondoka yakiwa yamesimama kabisa na kukimbia sambamba kwa robo maili, yaani mita 402 hivi, na kwa gari la kawaida lililoongezwa nguvu shughuli yote humalizika kwa sekunde zipatazo 10 hadi 14. Zilikua California baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana walipoyachukua magari ya zamani ya Ford, ambayo injini yake ya silinda nane iliingia sokoni mwaka 1932 kwa bei ya watu wa kawaida, wakayapunguza uzito na kuyashindanisha kwenye maziwa makavu ya jangwani, kisha kwenye viwanja vya ndege. Uwanja wa Santa Ana ulianza mbio za kulipia mwaka 1950, na mwaka uliofuata Wally Parks akaanzisha NHRA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya mchezo huo hadi leo. Asili hiyo haifai kusahauliwa, kwa sababu timu za juu za siku hizi hutumia fedha nyingi kiasi cha kumfanya mtazamaji adhani kwamba maskini amejipenyeza katika mchezo wa matajiri, ilhali watu wa kipato cha kawaida ndio waliouanzisha.

Mjenzi wa nyumbani haanzi kwa kuuliza ni injini ipi iliyo bora duniani, bali huuliza ni ipi inayopatikana. Huko Marekani jibu la mara kwa mara ni injini ya lita 5.3 iliyong'olewa katika pikapu ya Chevrolet iliyopata ajali, kwa kuwa injini za aina hiyo zilitengenezwa kwa wingi tangu mwaka 1999 na yadi za magari chakavu hazizikosi. Mjenzi huifunga katika bodi nyepesi ya Mustang iliyoundwa kati ya 1979 na 1993, na pengine huongeza turbo iliyokwisha kutumika. Lakini ugumu wa kazi hauko katika kukusanya vyuma, bali katika kuchagua. Mafundi hukadiria kwamba kila kilo 45 zinazoondolewa hupunguza muda kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kung'oa viti vya nyuma, mazulia na vizuia kelele hakugharimu chochote ila jasho. Vilevile hufahamu kwamba mita 18 za kwanza ndizo zinazoamua mengi, maana nguvu zote za injini hupotea iwapo matairi yanazunguka bila kushika lami. Kwa hiyo matairi laini yaliyonunuliwa kwa mtu aliyekwisha kuyatumia na springi zilizorekebishwa vizuri huweza kuleta faida kuliko turbo ghali. Tajiri huweza kununua vyote viwili bila kujua ni kipi kilichomsaidia, lakini mwenye fedha chache hulazimika kuamua kipi kitangulie, na hawezi kuamua vyema pasipo kulielewa gari zima. Hapa panaonekana kile ambacho Aristotle mwenyewe alikiita busara ya vitendo, yaani uwezo wa kutambua lililo sahihi katika hali mahususi. Haimaanishi kwamba ufukara ni neema, kwani wengi hushindwa na gari likabaki uani miaka mingi likiliwa na kutu. Maana yake ni kwamba uchache wa mali haumwondoi mtu katika uwanja wa ubora.

Jambo la ajabu zaidi limo katika mfumo wa mashindano ulioenea Marekani katika miaka ya 1970, ambapo kila dereva hutangaza mapema muda ambao gari lake litautumia, na kuuandika kwenye kioo. Aliyeandika sekunde 12.80 huruhusiwa kuondoka sekunde 2.50 kabla ya mwenzake aliyeandika 10.30, na hivyo gari la bei nafuu hukutana na la thamani kubwa kwa haki. Hata hivyo, anayekwenda kasi kuliko muda alioutangaza hushindwa, isipokuwa mpinzani wake ameuvuka wa kwake kwa kiasi kikubwa zaidi au ametenda kosa jingine. Anayejigamba kwa kuandika muda ambao gari haliwezi kuufikia huachwa nyuma. Anayejishusha kwa hila ili apewe nafasi ya kutangulia huweza kunaswa na saa. Katika kitabu kilekile cha nne, Aristotle anamweka mtu mkweli kuhusu nafsi yake kati ya hao wawili, mwenye majivuno na mwenye kujishusha kwa uongo, na ni vigumu kupata kanuni ya mchezo iliyoukaribia mgawanyo huo kiasi hiki. Fadhila aliyonyimwa maskini haikurudishwa, lakini nafasi yake imechukuliwa na nyingine isiyohitaji mali.

Kuna mahali ambapo bajeti haina sauti. Gari la zamani linaloumaliza umbali huo kwa chini ya sekunde 10 hutakiwa na kanuni za NHRA kuwa na fremu kamili ya mabomba ya chuma inayomzunguka dereva, na mjenzi asiyeweza kuigharimia, au asiyemwamini fundi wake wa kuchomelea, anapaswa kubaki na gari la polepole. Uhai si kipuri cha kutafutiwa bei ya chini, na mwenye kuuweka rehani kwa ajili ya sehemu za sekunde anastahili neno lile kali la Aristotle.

Linabaki suala la nyumba. Wanazuoni wa Kiislamu huonya dhidi ya israfu, yaani kuvuka kiasi katika matumizi, na hukubaliana kwamba masurufu ya mke na watoto ni wajibu unaotangulia starehe ya mtu. Hapo ukweli wa dereva hujaribiwa upya. Aristotle anahoji kwamba anayesema kweli pale ambapo hapana faida atasema kweli zaidi penye faida. Hakudai kinyume chake, na kinyume hicho hakifuati. Dereva huandika muda wa kweli kwenye kioo kwa sababu saa itamuumbua, lakini hakuna saa inayopima bei aliyomtajia mkewe ya ile turbo. Akiificha, jambo hilo si tena la majivuno wala la kujishusha, bali ni la haki, kwa sababu fedha hizo hazikuwa zake peke yake, na ule usahihi wake wa uwanjani utakuwa ni ustadi wa kukadiria tu.