Je, Mila Mbili Zaweza Kukaa Katika Arusi Moja?

Mtu anapoingia katika njia mpya ya dini, au jamaa zake wanapooana na watu wasio wa kwao, swali moja humjia upesi kuliko mengine: afanye nini siku atakapoitwa arusini? Kadi imekwisha kuja. Arusi yenyewe si ya desturi yake. Ndani yake yamo mambo anayoyajua na mengine ambayo hajapata kuyaona. Wako watakaomwambia, "Usiende, maana ukienda umekubali kila litakalofanywa huko." Wako na watakaomwambia, "Nenda, ufanye yote wafanyayo, maana ni furaha tu." Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yana kosa, na kosa lao ni moja: hayatofautishi baina ya mila na ahadi.

Ili jambo hili lifahamike vizuri, na tutazame arusi za namna moja zilizo mbali na kwetu, ambamo swali hili huonekana waziwazi: arusi za Waajemi na Wamarekani.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 Wairani wengi waliihama nchi yao, na wengi katika hao wakafanya makao katika jimbo la California. Mji wa Los Angeles na viunga vyake ndio wenye Wairani wengi kuliko mahali pengine po pote nje ya Iran. Watoto wao wamezaliwa huko, wamesoma pamoja na watoto wa Wamarekani, na sasa wanaoana nao. Hivyo hutokea kwamba katika ukumbi mmoja hukaa upande huu shangazi aliyetoka Isfahan, na upande ule mjomba aliyetoka mashambani mwa Ohio, kila mmoja akimtazama mwenziwe asijue la kusema.

Kwa desturi ya Waajemi, nikahi hufungwa mbele ya kitambaa kizuri kilichotandikwa, kiitwacho sofre. Watu wa pwani yetu wanalo neno lililo ndugu yake, sufra, yaani mkeka wa kulia chakula. Juu ya sofre huwekwa kioo na vinara viwili vya mishumaa, mkate, asali, mayai, lozi na jozi, sarafu, na kitabu kitukufu. Hufukizwa mbegu za esfand, kama sisi tufukizavyo ubani. Maharusi huketi wakikielekea kioo, na kwa desturi ya zamani bwana arusi humwona mchumba wake kwanza ndani ya kioo hicho. Wanawake walio na ndoa za heri hutanda kitambaa cheupe juu ya vichwa vya maharusi, na juu yake husugua mabumba mawili ya sukari yenye umbo la pia, ili utamu uwashukie. Hata mzaha una nafasi yake: mmoja wao hupitisha katika kitambaa hicho sindano yenye nyuzi za rangi saba, ati anaushona ulimi wa mama mkwe!

Kwa desturi ya Wamarekani, baba humshika mkono binti yake, akatembea naye taratibu kati ya wageni waliosimama, akamkabidhi kwa mchumba wake. Wawili hao husimama wakitazamana, hutamka ahadi zao kwa sauti mbele ya mashahidi, na huvishana pete. Kisha hukata keki pamoja, na rafiki wa bwana arusi husimama kumsifu na kumtania. Kabla ya hayo yote wamekwisha kwenda katika ofisi ya kaunti kuchukua hati ya ruhusa ya ndoa, ambayo kwa sheria ya California hudumu siku 90 tu.

Mtu akitazama kwa macho peke yake ataona mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Lakini na asikilize pia. Katika nikahi ya Kiajemi, mwenye kufungisha humwuliza bibi arusi kama anakubali. Mara ya kwanza bibi arusi hunyamaza, na wanawake hujibu kwamba amekwenda kuchuma maua. Mara ya pili hujibu kwamba amekwenda kuleta marashi ya waridi. Mara ya tatu ndipo yeye mwenyewe husema kwamba, kwa idhini ya wazazi wake, ndiyo. Na kwa Wamarekani vilevile, maua yote na muziki wote na mavazi yote hulingoja neno hilo hilo fupi. Lisiposemwa, au likisemwa kwa kulazimishwa, sukari haina utamu na keki ni mkate tu. Uislamu nao umeliweka sharti hili wazi. Mtume Mtukufu s.a.w. aliibatilisha ndoa ya mwanamke aliyeozwa na baba yake pasipo hiari yake.

Basi hapa ndipo penye kiini. Ndoa ni ahadi, na mila ni mashahidi wa ahadi hiyo. Mashahidi waweza kutoka katika makabila mawili, na ahadi ikabaki moja.

Atasema mtu: "Kuchanganya ni kuharibu. Mila ya baba na iachwe kama ilivyokuwa." Twajibu kwamba mila ya baba haikuwa hivyo siku zote. Nguo nyeupe ya bibi arusi, ambayo Mmarekani huidhani kuwa ya tangu na tangu, ilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuivaa katika arusi yake mwaka 1840. Kioo na mishumaa ya sofre, Waajemi wengi huvihesabu kuwa urithi wa babu zao wa kabla ya Uislamu. Hata hivyo Waislamu kati yao huiweka Kurani Tukufu papo hapo, wala hakuna aonaye ajabu. Na sisi je? Pilau tunayowapakulia wageni wetu wa arusi, na bandari wanakoshukia, ni maneno yaliyotujia kutoka Uajemi. Mila hukua kwa kupokea. Kosa si kupokea, bali ni kupokea bila kujua maana.

Mfano wa jambo lisilojulikana maana yake ni mahari. Mmarekani anaposikia kwamba bwana arusi ameandikiwa sarafu za dhahabu, hudhani kwamba binti ananunuliwa. Ni wajibu wa jamaa za binti kumweleza kwamba mahari si bei, wala si ya baba. Ni mali ya mke mwenyewe, haki yake ambayo mume ameahidi. Lakini na wao wenyewe wajiulize. Huko Iran zimekuwako familia zilizoandikisha sarafu nyingi kama hesabu ya mwaka aliozaliwa bibi arusi, na waume waliotiwa gerezani kwa kushindwa kuzilipa, hata sheria ya familia ya mwaka 2013 ikaweka mpaka wa sarafu 110 katika kifungo cha namna hiyo. Mtume s.a.w. alimwambia mtu maskini atafute japo pete ya chuma. Na alipoikosa, akamwoza kwa yale aliyoyajua ya Kurani. Mgeni akiuliza maana, mwenyeji naye hulazimika kuikumbuka. Hiyo ni faida moja ya mila mbili kukutana.

Je, basi, kila kitu chaweza kuchanganywa? Hapana. Sheria za kiraia za Iran, katika kifungu cha 1059, hazimruhusu mwanamke Mwislamu aolewe na asiye Mwislamu. Kwa hiyo hutokea kwamba bwana arusi Mmarekani huambiwa, "Tamka shahada tu, ili wazee waridhike, kisha endelea na mambo yako." Hutamka asubuhi, na jioni amekwisha kusahau. Wazee hudhani kwamba wameilinda dini. Kumbe wamemfundisha kijana kwamba dini ni neno la kupitia mlangoni. Msomaji aliyeifikia imani yake kwa kutafuta, ambaye pengine amepoteza rafiki au urithi kwa ajili ya maneno yale machache, ajua uzito wake. Mishumaa huazimwa, lakini ushuhuda hauazimwi. Ni heri kijana asemaye kwa adabu, "Baba, bado sijaamini, nipe muda nisome," kuliko yule asemaye ndiyo mbili siku moja, moja ya kweli na moja ya uongo. Kwani mke atajuaje ni ipi iliyo ya kweli?

Na haki hii ni ya pande mbili. Binti wa Kiirani asilazimishwe kukiri mbele ya kasisi yale asiyoyaamini, ati kwa kuwa mama mkwe amelitamani kanisa. Kurani Tukufu imekataza kulazimishana katika dini, na shuruti ya mapenzi nayo ni shuruti.

Limebaki jambo la safari. Kutoka Tehran mpaka Los Angeles ni zaidi ya kilomita 12,000, lakini umbali wenyewe si wa kilomita tu. Marekani ilivunja uhusiano wa kibalozi na Iran mwezi wa Aprili, 1980. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mzee aliyetaka viza ili amwone mjukuu wake akiolewa alilazimika kwenda kwanza katika nchi nyingine, kama Uturuki au Armenia, akaulizwe maswali. Kisha, Januari 27, 2017, ilitolewa amri ya kuwazuia watu wa nchi saba, Iran ikiwamo, wasiingie Marekani. Amri za namna hiyo zilipobishaniwa, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwezi wa Juni mwaka ule kwamba mwenye uhusiano wa kweli na mtu aliyeko huko asizuiwe kwa wakati huo. Ndipo likazuka swali: nani aliye jamaa wa karibu? Maofisa waliandika orodha isiyokuwa na babu wala bibi, shangazi wala mjomba. Julai 13, 2017, jaji wa mahakama ya shirikisho huko Hawaii aliamua kwamba babu na bibi hawawezi kuachwa nje, na Mahakama ya Juu ikaliacha neno hilo lisimame. Amri hizo zilifutwa Januari 20, 2021. Na nyingine, yenye Iran ndani yake, ikaanza kutumika Juni 9, 2025.

Fikiri, ndugu msomaji! Iliwabidi watu wazima, waliosoma sheria, wakae na kujadiliana kama bibi ni jamaa wa karibu. Ni kama kuuliza kama mzizi ni sehemu ya mti. Saa kumi na moja ya jioni huko California, wakati arusi inapoanza, Tehran ni usiku unaokaribia alfajiri. Bibi aliyekosa ruhusa huamka saa hiyo, akajitanda nguo yake nzuri, akakaa peke yake mbele ya simu ili aione sukari ikisuguliwa. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba arusi ile si ya Kiajemi kamili. Na kama angeambiwa, angejibu nini? Anachokitaka ni kuuona uso wa mjukuu wake.

Basi mtu asiyezuiwa na amri yo yote, mwenye nauli na afya, akakataa kwenda kwa sababu tu desturi si zake, atatoa udhuru gani? Uislamu umeagiza kuunga undugu, na Kurani Tukufu imeamuru kukaa kwa wema katika mambo ya dunia hata na wazazi wasioafikiana nasi katika imani, huku tukikataa kuwatii katika kumshirikisha Mungu. Katika agizo hilo moja limo jibu la swali letu lote. Nenda. Wasalimu wakubwa kwa heshima ya kwao. Kula kilicho halali, na kisicho halali kiache kimya kimya, bila kuigeuza meza kuwa mimbari. Ukialikwa kushika ncha ya kitambaa, shika. Ukialikwa kusema neno usiloliamini, omba radhi kwa upole, na ubaki umeketi na jamaa zako. Usilolijua, uliza maana yake. Pengine wewe utakuwa mtu wa kwanza aliyemwuliza shangazi yule wa Isfahan habari za kioo chake, naye atakueleza kwa furaha mpaka chakula kipoe.

Ahadi isichanganywe na uongo. Mila na zichanganywe kwa maarifa. Na undugu usikatwe kwa ajili ya mila, kwani mila ziliwekwa ili kuuhifadhi undugu huo huo. Kurani Tukufu yafundisha kwamba Mungu aliwafanya watu kuwa mataifa na makabila ili wapate kujuana, na ni mahali pachache ambapo mataifa mawili hujuana upesi kama mbele ya sufra ya arusi.

Mwenyezi Mungu atupe hekima ya kulijua lipasalo kushikwa na lipasalo kuachwa, na awakutanishe kwa heri wote waliotenganishwa na jamaa zao. Amin.