Kilichoganda Hakijiuzi

Tarehe 4 Februari 2010 Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni namba 97 ya mwaka huo, na kanuni hiyo inahusu piza. Inasema piza inayotaka kuitwa Pizza Napoletana na kubeba muhuri wa chakula cha jadi isizidi kipenyo cha sentimita 35, ukingo wake uinuke sentimita 1 hadi 2, unga wake utandazwe kwa mikono bila mti wa kusukumia wala mashine, na iokwe katika tanuri la kuni kwa sekunde 60 hadi 90, kwenye joto la takriban nyuzi 485. Halafu linakuja sharti ambalo limenikaa kichwani kwa miezi kadhaa: ni bora piza hiyo iliwe mara tu inapotoka jikoni, na hairuhusiwi kugandishwa ili iuzwe baadaye.

Nina sababu ya kulifikiria sharti hilo. Binamu yangu, ambaye namwita dada kwa kuwa amenizidi umri, alifanya kazi miaka kadhaa katika jiko la hoteli moja Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako wageni wengi ni Waitalia. Alirudi Songea na ujuzi wake. Kule Bombambili akajenga tanuri la matofali, akanunua friza, na sasa hutengeneza piza, huziganda na kuziuza kwenye maboksi. Siku moja alinipigia simu akaniuliza kama anaweza kuandika kwenye lebo "Piza Halisi ya Kiitaliano". "Wewe si ndiye unayesomea maadili?" akasema. "Basi nijibu."

Nilidhani ni swali la dakika mbili. Mimi niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili na bado sijalimaliza.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kina maneno mawili ambayo mara nyingi tunayatumia kama pacha: halisi na asili. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini hayakutoka mlango mmoja. Asili ni shina, chimbuko, mahali kitu kilipoanzia. Halisi ni kitu safi, kisichochanganywa na kingine. Tunaposema "asali halisi" hatuulizi nyuki walitoka wapi. Tunauliza kama kuna mtu ametia sukari guru. Tunaposema "dawa ya asili" hatuulizi kama imechanganywa. Tunauliza ilianzia kwa nani. Dada alipotaka kuandika "halisi" aliahidi usafi, na alipoongeza "ya Kiitaliano" aliahidi chimbuko. Ahadi mbili kwenye boksi moja.

Ahadi ya usafi ndiyo inayovunjika kwanza, na haivunjikii Songea. Inavunjikia Napoli. Nyanya, ambayo leo hakuna anayeweza kuifikiria Italia bila hiyo, ni zao la Amerika. Ililetwa Ulaya na Wahispania katika karne ya 16, na kwa muda mrefu Wazungu wengi waliiogopa wakidhani ina sumu. Ngano laini inayotumiwa na waokaji wa Italia, sehemu kubwa hununuliwa nje ya nchi. Ukiondoa kila kilichotoka ng'ambo, kwenye sahani utabaki na mkate mweupe wenye chumvi na mafuta ya zeituni.

Na sisi tusicheke. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi nchini, na ukimuuliza mtu wa Songea chakula chake cha asili ni nini, atakuambia ugali. Mahindi nayo yametoka Amerika, karne zilezile, kwa merikebu za Wareno. Nyanya na mahindi ni ndugu wawili waliotoka kijiji kimoja. Mmoja akaenda kuwa Mtaliano, mwingine akaja kuwa Mngoni. Hakuna anayewadai hati ya kuzaliwa.

Kwa hiyo asili haiwezi kuwa swali la udongo peke yake. Jibini anayotumia dada hutoka Njombe, kwenye kiwanda cha maziwa kilichoanzishwa kwa msaada wa CEFA, shirika la Bologna, na maziwa yake hukamuliwa na wafugaji wadogo wa vijiji vya huko. Mozzarella hiyo imetengenezwa kwa namna ya Kiitaliano, kutokana na ng'ombe aliyekula majani ya Njombe. Mimi siioni kama ya bandia. Naiona kama nyanya ile ilivyokuwa Napoli, siku zake za mwanzo.

Lakini hapa lazima tujihadhari, maana hoja hii ikiachwa iteleze itabariki kila kitu. Ukishika Forodhani jioni, pale Mji Mkongwe, utauziwa "piza ya Zanzibar": unga mwembamba kama wa chapati, ndani yake nyama ya kusaga, yai, vitunguu, labda na jibini, vinakunjwa na kukaangwa kwenye chuma. Ni chakula kitamu. Hakina uhusiano wowote na Napoli zaidi ya jina. Hata hivyo sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba ametapeliwa, kwa sababu mpishi anaikunja mbele ya macho yako. Unaona unga, unaona yai likipasuliwa, unasikia mafuta. Jina linaweza kucheza kwa kuwa macho hayachezewi.

Nadhani hapo ndipo penye maana ya lile sharti la Ulaya. Linalinda ladha, bila shaka, lakini pia linalinda hali fulani ya mambo: mpishi na mlaji wako chumba kimoja. Huko Napoli mteja humwona mtu akitandaza unga, humwona akiuingiza tanurini, na dakika moja na nusu baadaye anakula. UNESCO ilipouweka mwaka 2017 ufundi wa wapika piza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kilichoingia kwenye orodha ni ufundi wa mpishi. Sahani ya chakula haikuorodheshwa. Friza inamwondoa mtu huyo. Anayekula hayupo wakati wa kupika, na aliyepika hayupo wakati wa kula. Katikati yao kuna boksi na maneno.

Sisemi kugandisha ni uongo. Wavuvi wa Mbamba Bay huanika dagaa wa Ziwa Nyasa juani, na dagaa hao hufika Songea, Makambako hadi Dar es Salaam. Hakuna anayesema dagaa wakavu ni dagaa wa bandia. Ni chakula kingine, chenye ladha yake, mapishi yake na jina lake, na muuzaji hawaiti wabichi. Kuhifadhi kumewabadilisha, na lugha imekubali mabadiliko hayo waziwazi.

Piza iliyogandishwa nayo inadai ufundi wake. Maji yakiganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu, nazo huchana nyuzi za unga, hivyo ikiokwa hutoka nzito kama kandambili. Yakiganda upesi chembe huwa ndogo na unga hubaki mzima. Viwanda vikubwa hupuliza hewa ya nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri. Friza ya kawaida hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Basi dada hufidia kwa uvumilivu. Hukanda unga kwa hamira kidogo sana na kuuacha uumuke usiku kucha, huoka nusu tu, huacha upoe kabisa, huchuja jibini kwa kitambaa ili litoe maji, kisha hupanga piza mojamoja kwenye friza bila kuzibebanisha ili baridi izifikie upesi. Ndipo huzitia kwenye mifuko na maboksi. Huo muda ndio jadi yenyewe. Nyanya inaweza kubadilishwa na ya Songea, kuni za mwaloni zikawa za mkaratusi, lakini saa zile za kuumuka hazina mbadala. Kuna hamira nyingi na sukari tu, ambazo hudanganya unga uonekane umekomaa.

Kuna neno jingine ambalo lebo za piza zinalipenda: "imetandazwa kwa mkono". Kanuni ya 2010 inalidai, na viwanda vya kaskazini mwa Italia vinavyogandisha piza kwa njia za jadi hulitangaza kwa fahari. Mwishoni mwa 2018 na mwaka 2019, nje ya kiwanda cha Italpizza mjini Modena, wafanyakazi waligoma na kuandamana. Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi wahamiaji. Walikuwa wameajiriwa kupitia vyama vya ushirika kwa mkataba wa huduma za usafi na nyinginezo, na walidai mkataba wa viwanda vya chakula, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kutengeneza piza. Makubaliano ya kuwahamishia mkataba huo kwa hatua yalifikiwa mwaka 2019. Nimejifunza kitu hapo. Neno "mkono" kwenye boksi linaweza kuwa kweli kabisa, na bado likamficha mwenye mkono. Nilipomweleza dada habari hii, alinyamaza kidogo, akasema wasichana wawili wanaomsaidia huwalipa kwa siku, na siku ambazo hakuna oda hawalipwi. Hakuongeza neno. Wala mimi.

Sasa tufike kwenye pingamizi ambalo nimelisikia kwa marafiki zaidi ya mmoja: "Nani Songea ataijua tofauti? Andikeni mnachotaka." Naliona pingamizi hili kuwa baya kuliko udanganyifu wenyewe. Sisi wa Ruvuma tunalifahamu kutoka upande wa pili. Kahawa ya Mbinga hulimwa jirani na kwetu, lakini sehemu kubwa ya kahawa nzuri ya nchi hii huuzwa nje, na nyumbani wengi wetu tumekua na kopo la kahawa ya unga isiyo na harufu. Tumezoea kuwa watu wa daraja la pili kwenye meza tuliyoiandaa wenyewe. Mtu wa kwetu akisema "hapa hawatajua", anaendeleza mazoea hayo kwa mkono wake. Kutojua kwa mlaji hakumpunguzii mpishi deni. Kunamwongezea. Anayejua Napoli ana ulimi wa kujitetea. Asiyejua ana neno lako tu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri ya sokoni, mahali unapobonyeza embe na kunusa samaki. Lakini kilichoganda hakijiuzi. Ndani ya friza, kizuri na kibaya vina uso mmoja wa barafu.

Hili si jambo la kinadharia Songea. Mji uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, baada ya laini ya umeme kutoka Makambako kukamilika. Kabla ya hapo ulitegemea jenereta za dizeli. Bila laini hiyo biashara ya friza isingewezekana. Hata hivyo, umeme bado hukatika, hasa mvua zikiwa nyingi. Tuseme umekatika kwa muda mrefu, usiku kucha na zaidi, kisha ukarudi. Joto limeingia, piza zimeyeyuka, kisha zimeganda tena. Baadaye ukifungua friza huoni kitu. Boksi ni lilelile, lebo ni ileile. Bakteria waliozaana usiku hawafi kwa kuganda, wanalala tu.

Katika Jamhuri ya Plato, kitabu cha pili, Glaucon anasimulia habari za mchungaji Gyges aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Swali lake ni kama kuna mtu angebaki mwadilifu akiwa na pete hiyo kidoleni. Nilipolisoma darasani nililiona swali la kubuni mno, kwa maana nani ana pete kama hiyo? Sasa naona kila mwenye friza anayo. Piza arobaini zilizoyeyuka usiku ni mtaji wa wiki nzima, na hakuna jicho lililoziona.

Dada ana jibu lake, na hakulitoa kwa Plato. Ndani ya friza huweka kikombe cha maji yaliyokwisha ganda, na juu ya barafu huweka sarafu ya shilingi 200. Umeme ukikatika kwa muda mfupi, sarafu hubaki juu. Ukikatika muda mrefu, barafu huyeyuka, sarafu huzama, na umeme ukirudi huganda ikiwa chini. Kila asubuhi, kabla ya kugusa boksi lolote, hutazama kikombe. Akiikuta sarafu chini, mzigo wote hutupwa. Akiwahi umeme ungali umekatika, na piza bado zina barafu ndani, huziokea siku hiyohiyo na kuziuza za moto kwa bei ya chini, akiwaambia wanunuzi kwa nini.

Kuhusu lebo, nilimjibu hivi: ondoa "halisi", ondoa "ya Kiitaliano". Andika kwamba unga umeumuka usiku mzima, jibini ni ya Njombe, nyanya ni za hapa, imeokwa nusu kwa kuni, na tarehe ambayo imegandishwa. Yote hayo mtu anaweza kuja Bombambili kuyahakiki. Alikubali, ila akalalamika kwamba maneno ni mengi na boksi ni dogo. Kisha akaniambia amewaonyesha wale wasichana wawili kile kikombe. Siku asipokuwepo, mmoja wao anaweza kuamua mzigo utupwe, bila kumpigia simu kwanza.