Jiwe la Mwenyekiti

Kuna jiwe linaloitwa katieriti, na wengi wetu tutazeeka bila kuligusa. Ni kobalti na salfa basi: atomu moja ya kobalti kwa kila atomu mbili za salfa. Fuwele zake zimejengeka kimchemraba, kama zile za pairaiti, jiwe ambalo limewadanganya watu wengi kwamba wamepata dhahabu. Ila hili halina umanjano. Lina rangi ya fedha yenye wekundu kidogo, kama waridi iliyofifia. Si gumu sana, kisu kizuri kinaweza kulikwaruza, lakini ni zito: karibu mara tano ya maji ya ujazo uleule.

Sifa yake inayonisumbua ni nyingine. Likiwa mezani hapa Nairobi, katieriti si sumaku. Lishushe hadi kama nyuzi 150 chini ya sifuri, au zaidi, na jiwe lilelile linakuwa sumaku. Hujaliongezea kitu, hujalipunguzia kitu. Umebadilisha tu mahali lilipo.

Sasa tuje kwa jina. Jiwe hili lilitoka Shinkolobwe, huko Katanga, wakati Congo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Ni mgodi huohuo uliowapa Wamarekani sehemu kubwa ya uraniamu ya mabomu yao ya kwanza ya nyuklia. Mwaka wa 1945, mtaalamu wa madini Paul F. Kerr aliyatangaza kwa wanasayansi mawe mawili kutoka Katanga. La nikeli na salfa alilipa jina la Johannes Vaes, mwanasayansi wa madini wa kampuni iliyomiliki mgodi. La kobalti akalipa jina la Félicien Cattier, mwenyekiti wa bodi ya kampuni yenyewe, Union Minière du Haut-Katanga.

Unaweza kusema, ah, kawaida. Mkubwa akatuzwa, waliochimba wakasahaulika. Hata mimi ningeachia hapo, kama si historia ya huyu Cattier.

Mwaka wa 1906 Cattier alikuwa profesa wa sheria Brussels. Congo wakati huo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II, na watu walikuwa wanalazimishwa kuvuna mpira huku familia zao zikiteswa. Cattier aliandika kitabu kizima kuushutumu utawala huo. Alieleza kazi ya kulazimishwa, akaonyesha jinsi mapato yalivyokuwa yanamnufaisha mfalme. Hakujificha nyuma ya jina bandia. Alimkosoa mfalme wa nchi yake, kwa jina lake mwenyewe, akiwa nchini humo.

Mwaka huohuo wa 1906 ndio Union Minière ilipoanzishwa. Baadaye, yule profesa akawa mwenyekiti wake.

Tuwe waungwana. Utawala wa Leopold uliisha 1908, na kampuni ya shaba si kambi ya mpira. Labda Cattier aliamini kwamba ukiwa ndani unaweza kurekebisha mambo. Lakini Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni hiyo walipogoma kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai mshahara unaotosha kula, wanajeshi waliwafyatulia risasi. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, akauawa. Miaka minne baadaye mawe yakagawiwa majina. Sijawahi kukutana na jiwe linaloitwa Mpoyi.

Hapa Kenya hadithi hii tunaijua bila kufundishwa. Jana alikuwa barabarani akipuliziwa vitoa machozi, leo ni mheshimiwa na anatueleza mtandaoni kwamba mambo si rahisi hivyo. Sisi tunakimbilia jibu moja: amenunuliwa. Au lingine: alikuwa mnafiki tangu zamani, tulikuwa tu hatujamjua.

Mimi siamini hayo mawili yanatosha. Kitabu cha 1906 kilikuwa cha kweli, na bado ni cha kweli. Ukweli haurudi nyuma eti kwa sababu aliyeusema alihama meza. Na sina sababu ya kudhani Cattier alikuwa anaigiza. Shida ni kwamba tuliona tabia yake katika joto moja tu. Ukiwa nje, kukosoa kunahitaji ujasiri wa aina fulani. Ukiwa ndani, na hesabu za mwisho wa mwaka ziko mbele yako, unahitajika ujasiri wa aina nyingine kabisa. Kuwa na ule wa kwanza si ushahidi kwamba unao wa pili.

Kwa hivyo tunapokosea si pale tunapomwamini mkosoaji. Tunakosea tunapochukua maneno yake ya kweli na kuyafanya dhamana ya mikono yake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumeisoma methali hiyo kama onyo kwa mgema. Nadhani inatuhusu sisi wanywaji zaidi: tukishamsifu, hatuonji tena.

Wafanyakazi wa Élisabethville hawakuhitaji mwenyekiti mwenye moyo mzuri. Walihitaji chama chao wenyewe, haki ya kugoma bila kupigwa risasi, na uwezo wa kuuliza shaba imeleta pesa ngapi na zimeenda wapi. Hivyo ni vitu vinavyofanya kazi hata kama aliyekaa kwenye kiti amebadilika. Moyo mzuri ni baraka ukipatikana, lakini huwezi kuuweka kwenye mkataba.

Jina la jiwe silitaki libadilishwe. Liache libaki, bora tu likisomwa, lisomwe lote: profesa wa 1906, mwenyekiti, na wale waliokuwa chini ya ardhi. Tukilifuta tutapoteza funzo na kumpa mtu mwingine nafasi ya kusifiwa mapema.

Na siku moja nikipewa kiti, hata kidogo, hata cha mweka hazina wa chama, naomba mnifanyie wema mmoja. Kabla ya makofi, niulizeni vitabu vya hesabu viko wapi.