Kibarua wa Köln: Msafiri au Mkazi?

Tarehe 3 Februari 1965, mamia ya vibarua Waislamu, wengi wao Waturuki, walisali Idi ndani ya kanisa kuu la Köln, Ujerumani Magharibi. Msikiti wa kuwatosha haukuwepo, na Wakatoliki waliwapa nafasi.

Mkataba wa 1961 kati ya Ujerumani Magharibi na Uturuki ulimhesabu kibarua wa Kituruki kuwa mpita njia: miaka miwili kiwandani, kisha arudi kwao. Alilala bwenini na wenzake, zamu zikimgeuzia usiku kuwa mchana, Adhuhuri ikimkuta mbele ya mashine isiyosimama. Je, huyu ni msafiri? Si swali dogo, maana msafiri hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na anaruhusiwa kuahirisha funga.

Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hutazama nia. Kwa Hanafi, madhehebu ya Waturuki wengi, anayenuia kukaa siku 15 ni mkazi. Kwa Shafii, madhehebu ya Pwani yetu, siku 4 zatosha. Basi dini ilimwita mkazi yule ambaye serikali ilimwita mgeni, na hapo dini iliona mbali zaidi. Kiwanda kilitaka mikono; fiqhi ilimtaka mtu mzima, mwenye sala kamili na funga, hata Ramadhani ikiangukia Juni, mchana wa huko unapozidi saa 16. Mzigo huo ulikuwa pia heshima.

Sharti la miaka miwili liliondolewa 1964, kwani waajiri walichoka kufundisha wapya kila mara. Uajiri uliposimamishwa Novemba 1973, wengi hawakurudi; waliwaita wake na watoto.